Majilio Niliyojifunza Mimbarini

Mafundisho ya kwanza kuhusu Majilio niliyapata utotoni katika darasa la katekisimu, nikayakariri, na kila nilipoulizwa nikayajibu bila kusita: kwamba ni kipindi cha Dominika, yaani Jumapili, nne za kujiandaa kwa Noeli, kwamba huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume, kwamba rangi yake ni urujuani, na kwamba katika Dominika zake hatuimbi Utukufu, ule wimbo wa sifa wa mwanzo wa Misa. Yote hayo ni kweli na hadi leo nayahitaji. Lakini kilichonifanya niyaishi Majilio, badala ya kuyajua tu, ni kazi ndogo ya kusoma masomo katika Misa, kazi ambayo niliombwa kuishika kwa sababu msomaji mmoja alikuwa amehama parokia na mimi nina sauti inayofika nyuma ya kanisa. Sikuwa na sababu ya kiroho zaidi ya hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, unafundisha kwamba Kristo yumo katika neno lake, kwani ni yeye mwenyewe anayesema Maandiko Matakatifu yanaposomwa katika Kanisa. Fundisho hilo lilinitia hofu njema. Mzee aliyekuwa akituandaa sisi wasomaji hakupenda kuzungumza sana juu ya sauti wala vituo. Alituagiza tulisome somo nyumbani, kisha tufunge kitabu na kujiuliza ni nani atakayekuwa ameketi mbele yetu akilihitaji neno lile. Agizo hilo lilibadilisha namna yangu ya kusali, maana nilijikuta Jumamosi jioni nikiwaombea watu mmoja mmoja kwa sababu tu ya aya fulani ya Isaya.

Na katika Majilio, msomaji huishi na Isaya. Mpangilio wa masomo uliotolewa mwaka 1969 unatuwekea nabii huyo karibu kila siku katika wiki za mwanzo, tukimfuata kwa utaratibu wa kitabu chake. Kuanzia Alhamisi ya wiki ya pili, Injili inamleta Yohane Mbatizaji. Kisha tarehe 17 Desemba mambo yanabadilika kabisa, nasi tunaingia katika sura za kwanza za Mathayo na Luka, tukianza na orodha ya vizazi ambayo waamini wengi huivumilia kwa heshima. Asiyehudhuria Misa za siku za kawaida hukosa mwendo huu wote, na kwa maoni yangu hukosa nusu ya Majilio. Kanisa halianzi na mtoto horini. Linaanza na mwisho wa dunia: Injili ya Dominika ya kwanza, mwaka wowote ule, inatuambia tukeshe kwa kuwa hatujui siku wala saa. Miaka mingi nilikuwa nikiusikia ujumbe huo kama kitisho cha kupita kabla ya kufika kwenye mambo mazuri. Nilipoanza kuyasoma masomo yanayoambatana nao, hasa kilio cha nabii anayemsihi Mungu azipasue mbingu na kushuka, nilitambua kwamba anayekesha hapa si mtu aliyeogopeshwa na mwizi tu. Ni mtu aliyechoka kuona dunia ilivyo na anayemtaka Bwana aje.

Mama yangu alipatwa na kiharusi muda mfupi kabla mwaka wa Kanisa, unaoanza na Majilio, haujageuka, na miguu yake ikawa haimbebi tena. Majilio yaliyofuata yalikuwa ya Mwaka A, mwaka wa Mathayo katika mzunguko wa miaka mitatu (A, B na C) wa masomo ya Dominika, na zamu yangu ikaangukia Dominika ya tatu, ile ya Furahini, ambayo padre anaweza kuvaa waridi badala ya urujuani na ambayo antifona yake ya mwanzo, yaani aya fupi ya kuimbwa, inatoka kwa Mtume Paulo: "Furahini katika Bwana sikuzote." Tulimleta Mama kanisani katika kiti cha magurudumu, tukamweka mwisho wa benchi la pili, upande wa njia ya katikati, hatua chache tu kutoka mimbari. Somo la kwanza lilikuwa Isaya sura ya 35. Nilikuwa nimeliandaa, kwa hiyo nilijua kilichokuwa kinanisubiri: "Itieni nguvu mikono iliyo dhaifu, yafanyeni imara magoti yaliyolegea." Na baada ya hapo, macho ya vipofu na masikio ya viziwi, kisha mtu aliye kilema ambaye atarukaruka kama kulungu. Msomaji hana ruhusa ya kuruka mstari kwa sababu unamgusa mtu anayempenda. Nilishika kingo za mimbari, nikasoma hadi mwisho, nikasema "Neno la Bwana," nikarudi kuketi bila kumtazama.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nikimnyoosha miguu kama tulivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kisigino chake kikiwa kwenye kiganja changu, goti likikunjwa na kukunjuliwa polepole, naye amelala akitazama dari. Akasema, "Umesoma vizuri, mwanangu. Ila pale pa kulungu umekimbia."

Nikamwambia, "Nilikuwa nakuonea huruma, Mama."

"Usinionee. Pasome taratibu. Hapo ndipo ninapopasubiri mimi."

Nilikuwa nimedhani kwamba ahadi ile itamuumiza, kana kwamba ni mali ya watu wazima wa afya wanaoweza kuisikiliza bila gharama yoyote. Kumbe kati yetu wote tuliokuwa kanisani asubuhi ile, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza juu yake. Ni sisi tuliokuwa wageni katika somo lile.

Injili ya Dominika hiyohiyo, kama ilivyopangwa kwa Mwaka A, ni ya Yohane akiwa gerezani, anapowatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Mara nyingi nimeshangazwa na uamuzi wa Kanisa kuliweka swali hilo katika Dominika ya furaha. Mtu aliyemwonyesha Mwanakondoo wa Mungu kwa kidole sasa yuko kifungoni na anauliza kama hakukosea. Yesu hamkemei. Anajibu kwa maneno ya Isaya yaleyale: vipofu wanaona, viwete wanatembea, viziwi wanasikia, maskini wanahubiriwa habari njema. Lakini katika orodha hiyo hataji wafungwa kufunguliwa, ingawa nabii huyohuyo aliwataja, na Yohane hakutoka gerezani akiwa hai. Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu, nikilifikiria kila nilipomsukuma Mama kwenda kliniki na kurudi naye akiwa vilevile. Jibu la Bwana lilikuwa la kweli, na mlango wa gereza ulibaki umefungwa. Mtu anaweza kuambiwa kwamba ufalme umefika na wakati huohuo asiondolewe mzigo wake. Imani ya Yohane ilipaswa kutosha katika nafasi hiyo nyembamba.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abate wa karne ya 12, ndiye aliyenisaidia kuipa nafasi hiyo jina. Katika mahubiri yake ya Majilio anasema juu ya ujio wa Bwana ulio wa namna tatu: wa kwanza katika mwili na udhaifu, wa mwisho katika utukufu na enzi, na kati ya hizo mbili upo ujio uliofichika, katika Roho na nguvu, ambao wanaoupokea humwona Bwana ndani yao wenyewe. Kulungu wa Isaya anapita katika zote tatu. Aliruka Galilaya, Yesu alipowainua waliopooza; ataruka siku ya mwisho, miili itakapofufuliwa; na hapa katikati yupo kwa namna ambayo siwezi kuithibitisha kwa mtu asiyesadiki, ila niliiona kwa mwanamke aliyekataa kuonewa huruma na kudai asomewe taratibu. Mwaka A uliporudi, zamu ile ilikuwa ya msomaji mwingine. Mama alikuwa bado katika kiti chake na miguu haikuwa imepona. Msomaji alipofika pale, akasoma kwa utulivu, naye Mama akatikisa kichwa kama mwalimu anayepitisha jibu la mwanafunzi.

Nisije nikaonekana kusema kwamba Majilio ni ya wagonjwa peke yao. Katika Mwaka C, Dominika ya tatu inatupa umati unaomuuliza Yohane, "Tufanye nini basi?" na majibu yake nayapenda kwa sababu ni madogo kiasi cha kutuaibisha. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa. Askari asimdhulumu mtu, naye aridhike na mshahara wake. Hamwambii hata mmoja wao aache kazi yake aende jangwani kula nzige. Nimejaribu kuyachukua majibu hayo jinsi yalivyo, yaani kutafuta kila Majilio kanzu ya pili niliyo nayo, na sizungumzii nguo tu: kuna mtu ana saa za ziada, kuna mtu ana chumba kinachokaa tupu, kuna mtu ana maneno ya msamaha aliyoyaweka akiba kwa miaka. Huwa nashuku kidogo maazimio makubwa ya kiroho yanayotangazwa mwanzoni mwa kipindi hiki, yangu yakiwemo. Hali yake mtu huitambua vizuri zaidi tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, fundisho lililotangazwa rasmi na Papa Pio IX mwaka 1854. Somo la kwanza la siku hiyo ni la bustani ya Edeni, na msomaji analazimika kulitamka swali la Mungu kwa Adamu mbele ya kanisa zima: "Uko wapi?" Nimelifanya swali hilo kuwa maandalizi yangu ya Sakramenti ya Kitubio. Halihitaji orodha ndefu ya maswali ya kujichunguza.

Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba, Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya kila jioni, huwa na antifona za kale zinazotangulia Wimbo wa Bikira Maria, kila moja ikimwita Kristo kwa cheo kilichochukuliwa katika Agano la Kale: Ee Hekima, Ee Bwana wa nyumba ya Israeli, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa mataifa, Ee Emanueli. Kila moja inaishia kwa ombi la kuja. Mimi na Mama tulizoea kuzisali jioni, yeye akiongoza kwa sababu anazijua kwa moyo, nami nikijibu. Ile ya tarehe 20, inayomwomba Ufunguo wa Daudi aje amtoe mfungwa katika nyumba ya kifungo, aketiye katika giza na uvuli wa mauti, ilinirudisha kwa Yohane. Wafungwa ambao Yesu hakuwataja katika jibu lake, Kanisa linawataja siku tano kabla ya Noeli, na linawataja kwa sauti ya kuomba.

Usiku wa Noeli, kabla ya Misa, kuna tangazo linaloweza kuimbwa au kusomwa, linaloihesabu tarehe ya kuzaliwa kwa Bwana kwa kupitia historia nzima: tangu kuumbwa kwa ulimwengu, tangu gharika, tangu Abrahamu, Musa na Daudi, hadi Olimpiadi ya 194, mwaka wa 752 tangu kujengwa kwa mji wa Roma, mwaka wa 42 wa utawala wa Kaisari Oktaviano Augusto. Nilipokabidhiwa kulisoma kwa mara ya kwanza nililiona kavu, nikafikiri waamini watachoka kabla hata ya wimbo wa kuingia. Lakini ukilisoma kwa sauti, ukipanda ngazi moja baada ya nyingine ya majina na miaka ya watawala wa dunia, halafu ghafla ukafika kwa mtoto wa Betlehemu ya Yudea, unaona kile ambacho mapambo yetu huficha: kwamba imani hii ina mahali na tarehe, na kwamba Mungu alikubali kuhesabiwa pamoja na walipa kodi wa Augusto. Baada ya hapo ndipo Utukufu unarudi. Tulikuwa tumeuweka kando Dominika zote za Majilio, nao unarudi usiku uleule ambao Injili ya Luka inatuambia malaika waliuimba.

Hata pango tunalojenga makanisani na nyumbani lina uhusiano na usomaji wa Neno, jambo ambalo nimefurahi kulijua nikiwa tayari msomaji. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliomba liandaliwe hori lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa hapo. Fransisko alikuwa shemasi, si padre. Kwa hiyo kazi yake usiku ule ilikuwa kuiimba Injili na kuhubiri. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake, Tomaso wa Celano, anasimulia kwamba alipolitamka jina la Betlehemu sauti yake ilisikika kama ya mwanakondoo aliaye. Papa Fransisko, aliyechukua jina la mtakatifu huyo, alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake juu ya maana ya pango la Noeli. Mimi ninapolipita pango letu kwenda mimbarini huwa nakumbuka kwamba lile la kwanza lilikuwa na shemasi anayesoma kwa mwili wake wote.

Katika Nasadiki, yaani ungamo la imani, kila Dominika tunainama kwa maneno "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu." Siku ya Noeli, na siku ya Kupashwa Habari Bwana tarehe 25 Machi, kanuni inataka tupige magoti. Mama hawezi. Ameketi wima wakati kanisa zima linashuka kwa kishindo cha mbao na viatu, na kwa sekunde hizo chache yeye peke yake ndiye anayeonekana, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya mgongo wa benchi la mbele, kichwa kimeinama. Magoti yaliyolegea, alisema Isaya.

Watu wengi huhesabu kwamba Noeli imekwisha jioni ya tarehe 25. Kanisa halijaanza hata kupumzika. Tarehe 26 msomaji anapanda mimbarini, maua bado mabichi, na kusoma jinsi Mtakatifu Stefano alivyopigwa mawe. Tarehe 27, siku ya Mtakatifu Yohane Mtume, Injili inawapeleka Petro na mwenzake mbio hadi kaburi lililo wazi, ili tusije tukamtenga mtoto wa horini na Bwana wa Pasaka. Tarehe 28 ni ya watoto waliouawa na Herode na ya Familia Takatifu inayokimbilia Misri usiku. Tarehe 30, isipokuwa siku hiyo ikiadhimishwa sikukuu ya Familia Takatifu, anatokea Ana, mjane wa miaka 84 asiyetoka hekaluni. Kuna waliowahi kuniambia kwamba masomo haya yanaharibu furaha ya siku hizo. Mimi nimewaona katika viti vya mbele, siku hizo za katikati, watu wale ambao sherehe ya tarehe 25 haikuweza kuwafikia: mwanamke aliyezika mtoto, mzee ambaye watoto wake hawakuja, mtu aliyelazimika kuikimbia nchi yake. Kwao oktava ya Noeli, yaani siku zake nane, pamoja na Stefano wake na Raheli anayewalilia watoto wake katika Injili ya tarehe 28, ndiyo inayowapa ruhusa ya kuwepo kwenye sikukuu bila kujifanya.

Oktava inafungwa tarehe 1 Januari kwa sherehe ya Maria Mama wa Mungu, jina ambalo Mtaguso wa Efeso uliliungama mwaka 431, na somo lake la kwanza ni baraka ya Haruni katika kitabu cha Hesabu, fupi kuliko karibu masomo yote ya mwaka. Nimependa kila mara kumwachia somo hilo msomaji mpya. Kisha kuna Tokeo la Bwana, na mwisho Ubatizo wa Bwana, ambapo katika Mwaka A tunasikia Isaya kwa mara nyingine, safari hii juu ya Mtumishi ambaye "mwanzi uliopondeka hatauvunja."

Kesho yake, kwa kawaida Jumatatu, urujuani na nyeupe zote zimerudishwa kabatini, padre amevaa kijani na Kipindi cha Kawaida kimeanza. Katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, somo la kwanza la Jumatatu hiyo ni mwanzo wa Waraka kwa Waebrania, mahali Mungu aliyesema zamani na mababu kwa njia ya manabii anaposema nasi katika Mwana. Ni aya zilezile za Misa ya Noeli ya mchana, ambazo kanisa lilizisikia likiwa limejaa hadi nje. Nimezisoma mara zote mbili, na ile Jumatatu waliokuwepo walikuwa wachache, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Nilizisoma kwa mwendo uleule.